Fluval FX6 kwenye tangi la mbuna la lita 648: inafaa, ila usiifuate hesabu ya kwenye boksi

Boksi la Fluval FX6 linasema filta hii ya pipa, inayokaa ndani ya kabati chini ya tangi na kuunganishwa nalo kwa mipira, inahudumia tangi la hadi lita 1,500. Mwenye tangi la lita 648 akisoma hapo ataona amejinunulia filta yenye nguvu mara mbili ya anazohitaji. Kwa samaki wapole wachache, sawa. Kwa mbuna, wale samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa walio jamii moja na sato na furu, hesabu hiyo haisimami, na wengi hugundua hivyo wakati samaki tayari wanahema juu ya maji.

Tangi linalozungumziwa hapa lina urefu wa sm 180, upana sm 60 na kimo sm 60. Ndani kuna mchanga wa unene wa sm 4, mawe kilo 120 na samaki 27. Kwa tangi la namna hiyo, FX6 ni filta kuu nzuri sana. Lakini isiwe peke yake, na isiendeshwe bila sponji kwenye mdomo wa kuvutia maji.

Tuanze na hesabu. Lita 648 ni ujazo wa kioo kitupu. Ukiacha sm 5 za juu bila maji, ukatoa nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, maji halisi yanabaki kama lita 520. Hilo ni jambo jema kwa filta. Jambo baya ni kwamba FX6 ina namba mbili za mwendo wa maji, na inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ile inayovutia wanunuzi. Pampu tupu inasukuma lita 3,500 kwa saa. Ikishawekewa vikapu na vichujio vyake, mtengenezaji mwenyewe anataja lita 2,130 kwa saa. Kwa lita 520, namba ya kwanza inakupa karibu mizunguko saba kwa saa (yaani maji yote kupita kwenye filta mara saba), ya pili inakupa minne. Tumia ya pili, kisha kumbuka kwamba inazidi kushuka kila siku sponji inapojaa uchafu. Mbuna wanahitaji mizunguko mitano au zaidi, kwa hiyo upungufu upo tangu siku ya kwanza.

Kwa nini tuwe wakali kiasi hicho? Kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Mbuna wanataka maji ya pH kati ya 7.8 na 8.6, yenye ugumu (madini mengi), na joto la nyuzi 24 hadi 27. Katika maji ya pH 7, ile sehemu yenye sumu kali ya amonia inayotoka kwenye taka za samaki haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 8.3 na joto la nyuzi 25 inapanda hadi karibu asilimia 10. Kipimo kilekile cha amonia kinachovumilika kwenye tangi la samaki wa maji laini kinaunguza mashavu ya mbuna. Filta ikizorota hapa, huna siku tatu za kujiuliza.

Kabla ya filta kuna kabati, na kabati ndilo linaloamua kama FX6 itaingia. Filta ina kimo cha karibu sm 53, na mipira yake ya mm 25 ni migumu, haipindi kwa ghafla. Kabati lenye nafasi ya ndani chini ya sm 70 litakutesa kila siku ya usafi. Pima pia upana wa mlango: makabati mengi yana nguzo katikati, na pipa hili ni nene. Nguzo hiyo usiikate. Maji lita 520, kioo cha mm 12 kilo 120 hivi, mawe kilo 120 na mchanga kilo 65 vinafanya zaidi ya kilo 800 bila kuhesabu kabati lenyewe. Sakafu isiwe na mteremko hata wa milimita chache, maana mzigo ukiegemea kona moja, ni silikoni ya kona hiyo inayolipa.

Mawe hutangulia mchanga. Yakae juu ya kioo cha chini, au juu ya karatasi nyembamba ya plastiki, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Mbuna huchimba. Dume anayetengeneza makao huchota mchanga kwa mdomo, anautema sm 20 mbali, anarudi tena, na kwa wiki moja anaweza kuchimba chini ya jiwe mpaka kioo kionekane. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litaanguka. Mchanga huohuo unaotemwa ndio adui wa FX6, kwa sababu pampu iko chini kabisa ya pipa na chembe zikipenya zinaishia kwenye feni yake. Mdomo wa kuvutia maji uwekwe angalau sm 12 juu ya mchanga, upande ambao hakuna pango, ukiwa umevalishwa sponji yenye matundu makubwa. Sponji hiyo haitakuwemo kwenye mpango wa mtengenezaji na itakula mwendo kidogo, lakini inaokoa pampu na inazuia vifaranga kuvutwa. Ioshe kila wiki. Ikisahaulika wiki tatu, ndiyo yenyewe inayogeuka kuwa kizuizi.

Kuiwasha ndiko FX6 inakowashinda wenzake. Hakuna kufyonza mpira kwa mdomo wala kubonyeza kibonyezo cha kujaza. Fungua koki zote mbili, acha maji yashuke yenyewe mpaka pipa lijae robo tatu hivi, kisha chomeka umeme. Itafanya kazi kwa muda mfupi, halafu itazima. Usiguse kitu. Inaachia hewa iliyonaswa, na baada ya dakika kama mbili itawaka tena. Utasikia mkoromo na kuona mapovu yakitoka kwenye midomo ya kurudishia maji. Tabia hiyo hurudi kila baada ya saa 12, na wasiojua huanza kufungua pipa wakidhani limeharibika. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni mapovu yanayoendelea siku nzima: hapo kuna hewa inaingia, mara nyingi kwenye nati ya mpira isiyokazwa sawa, au jiwe la hewa (lile linalotoa mapovu ya pampu ya hewa) limewekwa karibu mno na mdomo wa kuvutia.

Midomo ya kurudishia iko miwili na inageuka kila mmoja kivyake. Elekeza mmoja juu ili uso wa maji utikisike, maana mbuna wengi kwenye maji ya joto wanatumia hewa nyingi. Wa pili upige kwenye kioo cha nyuma na kusukuma taka kutoka nyuma ya mawe. Kona iliyo mbali na filta ndiyo hujaa kinyesi. Ukiona rundo pale, geuza mdomo kwanza kabla ya kununua pampu nyingine.

Ndani kuna vikapu vitatu vilivyopangana, kila kimoja kimezungukwa na sponji, na jumla ya nafasi ya vichujio ni lita 5.9. Sponji za pembeni zinatosha kukamata taka, kwa hiyo vikapu vyote vitatu vijazwe vipande vyenye vitundu vya kuishi bakteria wanaovunja amonia. Kuupa mkaa wa kuchujia kikapu kizima ni kupoteza theluthi ya nguvu yako dhidi ya amonia. Mkaa una kazi baada ya tiba, kuondoa dawa iliyobaki, kisha utolewe. Na hizo lita 5.9, kusema kweli, ni chache kwa pipa la ukubwa huu. Nafasi kubwa imeliwa na sponji na njia za maji, na hilo ni dosari ya muundo isiyorekebishika.

Dosari nyingine ni kwamba haina alama ya kukuonyesha mwendo umepungua. Inaziba kimyakimya. Njia rahisi ni kuchukua ndoo ya lita 10 na saa: siku ya kwanza, kabla ya samaki, geuza mdomo mmoja uingie kwenye ndoo na uandike sekunde inazochukua kujaa. Rudia kila mwezi. Muda ukiongezeka kwa theluthi, safisha. Kwa mbuna 27 hiyo huwa kati ya wiki sita na nane. Pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo litoe maji kwanza kupitia koki ya chini badala ya kulibeba hivyo. Sponji na vipande visafishwe kwa maji uliyotoa kwenye tangi, kamwe si ya bomba yenye klorini, na vikapu viwili tu kwa mara moja. Ukimaliza, futa mpira wa kuziba kifuniko mpaka usibaki na chembe ya mchanga, paka grisi ya silikoni, ndipo ufunge. Uvujaji mwingi unaolaumiwa kwenye kifuniko hutokana na punje moja ya mchanga mahali hapo. Mipira yenye mikunjo haibonyei, ila hukusanya utando mweusi ndani. Brashi ndefu mara mbili kwa mwaka itarudisha mwendo ambao ulidhani umepotezwa na pampu.

Umeme ukikatika, FX6 hujiwasha yenyewe ukirudi, na hapo faida inaweza kugeuka hatari. Bakteria waliofungiwa kwenye pipa bila maji kupita hutumia hewa yote iliyomo. Kadiri saa zinavyopita wanakufa, na maji ya ndani yanaoza. Umeme unaporudi, uozo wote huo unamwagwa kwenye tangi kwa dakika moja. Katizo likipita saa tatu au nne, chomoa filta, funga koki, tembeza pampu ya hewa ya betri kwenye tangi, na kabla ya kuiwasha tena mwaga maji ya pipa. Yakinuka yai viza, osha vikapu kwanza.

Usiingize samaki mpaka filta iwe imekomaa. Kwa lita 520, gramu 5 hivi za amonia kloridi zinakupa kipimo cha karibu mg 3 kwa lita. Weka joto nyuzi 28, pima kila baada ya siku mbili, ongeza dozi amonia inapofika sifuri. Nitriti, sumu inayobaki bakteria wanapovunja amonia, itapanda na kukaa juu kwa muda unaokatisha tamaa, kisha itaanguka ghafla. Filta iko tayari pale inapomaliza dozi nzima, amonia na nitriti, ndani ya saa 24. Huchukua wiki nne hadi nane, na pungufu kama utapata sponji chafu ya tangi lenye afya.

Faida ya kungoja ni kwamba sasa unaweza kuingiza samaki wote siku moja, jinsi inavyotakiwa kwa mbuna, maana anayetangulia hujimilikisha mawe na kuwashambulia wageni. Mchanganyiko unaokaa vizuri kwenye tangi hili ni Chindongo saulosi 12, Iodotropheus sprengerae 8 na acei 7. Saulosi na sprengerae wanabaki wadogo na hukaa kwenye mawe, acei huogelea juu zaidi, kwa hiyo tangi zima linatumika. Kwa kila dume lenga majike watatu au zaidi. Wanunue wakiwa wa sm 4 au 5, wengi kidogo kuliko idadi hiyo, kisha ondoa madume ya ziada rangi zinapojitokeza. Labidochromis caeruleus ni mpole na mzuri, ila majike wa saulosi ni wa njano kama yeye na wanaweza kuzaana, hivyo chagua mmoja wao. Epuka Melanochromis auratus, na epuka lombardoi, ambaye dume lake hubadilika kutoka bluu kuwa njano na kuanza vita. Chakula kiwe cha mimea zaidi, kidogo mara mbili kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika moja. Chakula kizito cha nyama huwavimbisha matumbo na huiongezea filta mzigo.

Nitrati, mabaki ya mwisho ya amonia iliyovunjwa, haiondolewi na FX6. Badilisha asilimia 40 ya maji kila wiki, yaani kama lita 208. Kama unamimina maji ya bomba moja kwa moja, dawa ya kuondoa klorini ipimwe kwa lita 520 zote, iingie kabla ya maji, na filta izimwe mpaka umalize.

Kuhusu filta ya pili: aliye na nafasi asinunue FX6 nyingine. Filta ndogo ya pipa yenye mwendo wa lita 1,000 kwa saa, ikiwekwa kona ya mbali, inafikisha mizunguko sita na inasafishwa wiki nne mbali na zamu ya FX6. Moja ikiwa imetoka kuoshwa, nyingine ina bakteria wake kamili. Wanaofikiria FX4, filta ndogo kuliko FX6 ya mtengenezaji huyohuyo, kwa sababu boksi lake linataja lita 1,000 warudie hesabu ya mwanzo: pampu yake tupu ni lita 2,650 kwa saa, na hizo nazo zitapungua vichujio vikiingia. Kwa tangi la sm 120 ningeichagua bila kusita. Kwa hili la sm 180 lenye mbuna 27, FX6 pamoja na ile filta ndogo ya lita 1,000 kwa saa ndizo zinazotosha.