Nguo za jimu kwa anayeanza: nunua zipi kwanza, zipi uziache dukani

Siku yangu ya kwanza jimu, pale Sinza, nilivaa taiti ya kijivu. Nilikuwa nimeinunua Kariakoo jana yake, mpya, pamba tupu, laini kama khanga iliyofuliwa mara mia. Dakika ya kumi na tano juu ya mashine ya kukimbilia nikajiona kwenye kioo: jasho limenichora ramani. Kila palipolowa pamegeuka peusi, na palipolowa ndipo pale pale mtu asipopenda paangaliwe. Nikashuka, nikafunga sweta kiunoni, muda uliobaki nikaumalizia ukutani, najifanya nanyoosha misuli. Kesho yake sikwenda. Wala kesho kutwa.

Nilirudi baada ya wiki tatu, nimevaa taiti nyeusi ya mtumba ya elfu nane, na tangu hapo sijaacha. Mwili ulikuwa ule ule, kioo kile kile. Kwa hiyo naandika hapa kwa ajili ya dada, kaka au shangazi ambaye ameshalipia mwezi wa kwanza na sasa anajiuliza avae nini.

Kipimo changu ni kimoja: ndani ya saa moja, nguo hiyo unaigusa mara ngapi? Kuivuta juu, kuishusha, kuichomoa inapoingia, kuinua mkanda wa bega. Ile ya kijivu niliigusa hadi nikachoka kuhesabu. Ya mtumba, mara mbili. Mtu mgeni jimu tayari ana mengi ya kumtia wasiwasi, hajui hata kiti cha mashine kinashushwa vipi, na nguo ya kuvutavuta inamwongezea.

Lebo kwanza, rangi baadaye

Kwenye mshono wa ubavuni, kwa ndani, kuna kilebo kidogo. Kisome. Kwa taiti tafuta nailoni au poliesta iliyochanganywa na spandeksi (kwingine wanaandika elastane au Lycra, kitu ni hicho hicho) asilimia 15 hadi 25. Spandeksi ikiwa kidogo mno kitambaa kinavutika vizuri, shida ni kurudi: unainama mara kumi, magoti yanabaki yamefura kama ya mtu aliyetoka kudeki.

Pamba inanyonya jasho na kulishikilia, inakuwa nzito na inasugua. Poliesta hainyonyi, jasho linatambaa juu ya nyuzi hadi upande wa nje na kukaukia huko. Ila hapa wauzaji hawatuambii yote. Kukauka kunataka hewa kavu, na Dar mwezi Machi hewa yenyewe imelowa. Ndiyo maana kwetu wembamba wa kitambaa na nafasi ya upepo kupita vina maana kuliko maandishi ya kung'aa kwenye mfuko. Fulana nyembamba ya kupwaya itakufaa kuliko "teknolojia" nzito inayobana.

Za chini, kwa mpangilio wangu

1. Taiti nyeusi ya mtumba, ya kiuno cha juu. Najua kuna wanaokunja pua wakisikia mtumba. Lakini taiti iliyovaliwa Ulaya au Marekani na kufuliwa mara nyingi imeshafaulu mtihani: kama ilikuwa ya kuchuja rangi ilishachuja, kama ilikuwa ya kufumuka ilishafumuka. Nyeusi inaficha jasho. Kiuno kinachofika juu ya kitovu hakikunjiki ukiinama, na fulana ikipanda tumbo halibaki wazi.

Pale soko la mitumba la Karume kijana mmoja ndiye aliyenifundisha kununua. Nilikuwa naipima kwa macho tu, nimeishika mbele yangu kama pazia. Akaniangalia, akacheka. "Anti, hiyo siyo gauni. Ivae juu ya hiyo sketi, uchuchumae." Akamwita dada wa meza ya jirani asimame nyuma yangu. "Anaona rangi ya ndani?" Dada akajibu, "Naona mpaka maua." Tukairudisha. Ya tatu ndiyo niliyochukua.

Kama hakuna pa kuchuchumaa, ingiza mkono ndani ya taiti, sehemu ya makalio, ukunje ngumi na uielekeze juani. Ukiweza kuhesabu vidole, iache. Kisha ivute kwa nguvu na uangalie kwa karibu: vikichomoza vinyuzi vyeupe vifupi kama mvi, spandeksi imekatika na taiti hiyo imezeeka, hata kama rangi bado inawaka. Angalia na msamba. Iliyoshonwa vizuri ina kipande cha ziada pale, kama almasi au pembetatu; mishono minne ikikutana katikati bila hicho kipande, itakusugua na haitachelewa kupasuka. Mwisho inuse kwapa, samahani, inuse kiuno na msamba. Harufu iliyokwishazama kwenye poliesta haitoki kirahisi.

2. Bukta pana juu ya taiti fupi. Kama hupendi umbo lako lionekane lakini joto hulitaki, hii ndiyo jibu, wanawake kwa wanaume. Taiti fupi inazuia mapaja kusuguana, bukta inafunika. Wenye mapaja yanayokutana tunajua michubuko ile na jinsi maji ya kuoga yanavyoichoma jioni. Mafuta ya mgando kabla ya kuanza yanasaidia, lakini taiti fupi inasaidia zaidi.

3. Suruali nyembamba ya traksuti, ya kubana kifundoni. Inaficha kila kitu na ina mifuko. Chagua yenye zipu, maana simu itaruka. Kwa anayevaa hijabu naipandisha iwe namba moja. Hakikisha ni nyembamba kweli. Traksuti nzito yenye manyoya kwa ndani ni ya Makambako mwezi wa saba.

4. Taiti mpya za Kariakoo, za rangi rangi. Kwenye maduka ya Mtaa wa Kongo na kando yake utazikuta kwa rundo. Zipo nzuri, nimewahi kupata ya zambarau ambayo nikiiosha usiku asubuhi imekauka. Lakini ni kamari: mbili zinazofanana, kutoka mfuko mmoja, moja nzito na nyingine kama soksi. Fungua mfuko hapo hapo dukani na uhakiki. Kijivu, bluu mpauko na rangi ya mchanga ziogope, hizo ndizo zinazotangaza jasho.

5. Taiti ya pamba. Ni tamu sana kuvaa. Ibaki nyumbani.

Kisha kuna ile ambayo siipi hata namba: suti ya plastiki ya "kuyeyusha mafuta", na mwenzake mkanda wa kubana tumbo. Unatoka umelowa chapachapa, mizani imeshuka kilo, unafurahi. Kilichoshuka ni maji, na ukinywa yatarudi yote. Joto likikosa pa kutokea linapanda ndani. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha ili wapungue uzito, wakifanya mazoezi kwenye joto na mavazi yasiyopitisha hewa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kikazipiga marufuku suti hizo. Nao walikuwa vijana waliozoea mazoezi. Sisi tuko Dar, suti ya joto tumepewa bure na Mungu.

Sidiria: hapa usibane pesa

Kama una elfu hamsini, fungu kubwa kuliko yote liende hapa. Taiti mbaya itakuaibisha, sidiria mbaya itakuumiza mgongo na mabega, na utaanza kukwepa kila zoezi la kuruka bila kujua kwa nini. Sidiria ya mazoezi si kitu cha kale hata kidogo: ya kwanza ilishonwa mwaka 1977 huko Vermont, Marekani, na wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller. Walichukua zile chupi za mikanda wanazovaa wanamichezo wa kiume, wakashona mbili pamoja. Ndivyo ilivyoanza.

Kazi kubwa inafanywa na mkanda wa chini ya matiti, siyo wa mabega. Ingiza vidole viwili chini yake: viingie kwa tabu kidogo. Vikiingia vinne, haishiki kitu. Inua mikono yote miwili juu. Mkanda ukipanda na matiti yakachungulia kwa chini, saizi siyo. Halafu ruka mara kumi hapo hapo kwenye chumba cha kujaribia. Wacha waliopo nje washangae. Wenye vifua vikubwa tafuta yenye vikombe viwili vilivyotenganishwa na kishikizo cha mgongoni. Ile ya kuvaa kama fulana inayabana yote kuwa mkate mmoja, inafaa vifua vidogo na mazoezi ya taratibu.

Ya mtumba usinunue. TBS, shirika la viwango la Tanzania, ilishakataza kuingiza nguo za ndani za mitumba, ingawa mezani zipo. Achilia mbali afya: lastiki ya sidiria ndiyo inayochoka mwanzo kabisa, na aliyeitoa aliitoa kwa sababu hiyo.

Za juu

Jezi ya mpira. Sina maneno mengi. Ni poliesta yenye vitundu, ni nyepesi, inapwaya, inafunika makalio ukichukua kubwa, na hakuna atakayekuuliza umeipata wapi. Ila ukivaa ya Yanga kwenye jimu iliyojaa Simba siku ya pili ya dabi, jiandae kwa maneno. Anayetaka amani achukue ya timu ya mbali.

Fulana za bure za kampeni na semina ziache. Nyingi ni ngumu na shingo yake inakaba, na ile ya pamba ikilowa inakuning'inia kama tambara la deki.

Kwa wenye hijabu: mtandio wa pini utakusumbua kila ukilala kwenye benchi. Nunua kitambaa cha jezi, mita moja inatosha, umpelekee fundi akushonee ya kuingiza kichwani. Muulize kwanza kama ana ovaloki. Cherehani ya kawaida inashona mshono usiovutika, na utafumuka siku ya kwanza. Shoga yangu ameshonewa na kanzu fupi ya mikono mirefu, imepasuliwa ubavuni, inafika magotini. Akichuchumaa haimshiki. Mimi mwenyewe nimeionea wivu.

Kaka zangu nao: boksa ya pamba chini ya bukta ndiyo inayowachubua, siyo bukta. Tafuta bukta yenye chupi ya neti ndani, au vaa taiti fupi. Singlendi iliyokatwa kwapa hadi mbavuni iacheni kwanza, ukinyanyua chuma kinachoonekana si msuli.

Saizi ni namba tu ya kiwanda

Kwenye mitumba ya Marekani navaa M. Kwenye mzigo wa China navaa XL, na mara moja XXL, kwa wiki ile ile na mwili ule ule. Beba futi ya fundi, jipime nyonga na chini ya kifua, upime nguo, usipime moyo. Lebo ikikuudhi ikate. Na usinunue ndogo "nitapungua": utaivaa leo, na leo ndiyo inayokubana.

Raba zinaweza kusubiri

Mwezi wa kwanza, kama unanyanyua vyuma tu, kiatu cha turubai chenye soli bapa kinatosha, tena kinakushika chini vizuri kuliko raba ya kukimbilia yenye soli ya povu inayobonyea. Ukianza kukimbia ndipo ununue, na kwa raba za mtumba kuwa makini: povu linakauka kwa umri hata kama juu kunang'aa. Libonye kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama mbao, ni la kuendea sokoni.

Kufua

Nguo hizi zioshe siku hiyo hiyo, hata kwa kuzisuuza tu, usizifungie kwenye begi hadi Jumamosi. Harufu ikianza kung'ang'ania, loweka nusu saa kwenye maji yenye siki kabla ya sabuni. Dawa ya kulainisha nguo usiitie, inaacha utando unaozuia jasho kupita. Anika kivulini na usipige pasi. Jua na pasi ndivyo vinavyoua spandeksi.

Mimi ningepewa elfu hamsini leo nianze upya, ningefanya hivi: sidiria mpya 20,000, taiti nyeusi ya Karume 8,000, taiti fupi 5,000, jezi ya mtumba 6,000, soksi jozi mbili 4,000. Zinabaki elfu saba. Hizo ningezishika hadi wiki ya tatu, nijue kwanza ni kipi ninachofua kila usiku kwa sababu sina cha pili, halafu nirudi kwa yule kijana.