Kozi ya usimamizi wa miradi na manunuzi kwa wasanifu majengo, nimeisoma hapa Mwanza

Wasanifu wenzangu mnaouliza kama hii kozi fupi inalipa, mi nasema inalipa, hasa kama kazi zako ziko huku Kanda ya Ziwa. Ni ya jumamosi, darasa dogo, wengi tunatoka ofisi ndogo ndogo, wachache wa halmashauri na mkandarasi mmoja wa Nyakato ambae alichangamsha sana maana mkataba anauona kwa upande mwingine kabisa.

Chuo kilitufundisha kuchora na tukachora, ila ukiingia ofisini unakuta swali ni nani anajenga, kapatikanaje, analipwa kwa cheti gani cha malipo na likitokea la kutokea nani anabeba hasara. Mwalimu ni mkadiriaji majenzi wa siku nyingi, alitumia siku nzima kwenye kitu kimoja tu, mawe. Mnaijua Mwanza, Isamilo, Mabatini, Bugando, hata penye udongo mzuri ukishuka kidogo unagonga mwamba. Sasa BOQ, yaani ile orodha ya kazi na vipimo ambayo mzabuni anaijazia bei, ikiandika uchimbaji wa msingi basi, bila kipengele cha kuvunja mwamba, mkandarasi akilikuta jiwe bei mnaanza kuijadili katikati ya kazi, yeye yuko saiti peke yake hana wa kushindana nae, wakati mngeweka kiasi cha makadirio kije kupimwa upya, kila mzabuni angeandika bei yake mapema akiwa bado anaitafuta kazi.

Halafu akatuingiza kwenye FIDIC ya 1999, ile mikataba ya mfano ya ujenzi ya kimataifa, inaitwa kwa rangi za vitabu vyake. Kitabu Chekundu kinasema mkandarasi akikuta hali ya ardhini ambayo mkandarasi mzoefu asingeitarajia mpaka siku ya kuwasilisha zabuni, anaongezwa muda na gharama, ila kile cha rangi ya fedha mzigo ni wake mwenyewe. Akatuuliza, Mwanza hii nani atasema hakutarajia jiwe? Aisee darasa liligawanyika! Yule mkandarasi akasema kuona mwamba mlimani sio kujua uko futi ngapi chini ya kiwanja, na mi niko upande wake, ndo maana sasa nambana mteja alipie vipimo vya udongo kabla hatujatangaza zabuni. Pia kuna notisi ya siku 28 tangu mkandarasi alijue tatizo, akipitisha hapo bila kuandika, dai lake linakufa, na wakandarasi wetu wadogo wengi wanadai kwa mdomo tu pale saiti, inauma kwa kweli.

Sehemu ya serikali ilikuwa ya wastani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 aliipitia vizuri, fosi akaunti pia (pale taasisi inapojenga yenyewe bila kumpa mkandarasi kazi nzima), ila NeST, ambayo ndo mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao ulioshika nafasi ya ule wa zamani, TANePS, tuliangalia slaidi tu, hakuna alieingia kwenye mfumo akajaribu, na mtandao wenyewe siku hiyo ulikuwa unasuasua. Hapo waongeze muda.

Kingine walichokigusa juu juu ni hizi nyumba za watu binafsi, mteja ananunua saruji na nondo mwenyewe, fundi analipwa hela ya ufundi basi. Buhongwa, Kisesa, Nyegezi nyumba nyingi zinajengwa hivyo, na hayo nayo ni manunuzi jamani, tena magumu, maana nondo zikichelewa slabu haimwagwi na kila kinachofuata kinasogea, fundi nae anahamia kwa mwingine, kumrudisha ni kazi. Ningependa tufundishwe kumpangia mteja ratiba ya vifaa kama tunavyompangia mkandarasi ratiba ya kazi.

Ada wanaruhusu ulipe kwa awamu mbili. Ukienda beba BOQ ya kazi unayoifanya sasa hivi, futa jina la mteja, mwalimu anaipitia ukurasa kwa ukurasa mbele ya wote, na kwangu hapo ndo palikuwa patamu kuliko makabrasha yote waliyotugawia.