Kukodi mtumbwi mto Yukon: maelekezo safi, vifaa hamna kitu

Nianze na kilichoniudhi, pipa la chakula. Ukikodi mtumbwi Whitehorse, mji wa huko Yukon, Kanada, wanakupa na mapipa ya plastiki, mfuniko unabanwa na mkanda wa chuma, chakula chote kinakaa humo ili harufu isimwite dubu. Sasa la kwetu komeo lilikuwa limepinda, tumekuja kugundua jioni tushapiga kambi, huku limebana kule unaona mchele. Kurudi dukani huwezi maana mto unakushusha tu na simu haishiki, ikabidi tulifunge kwa kamba ya hema na kila usiku tukaliache mbali kule, halafu umelala macho unasikiliza.

Ila kijana aliyetupa maelekezo anaujua mto jamani. Ziwa Laberge, ambalo mto unapita humo humo, lina kama kilometa 50, akasema msithubutu kukata katikati, fuateni ukingo na muondoke alfajiri kabla upepo haujaanza. Tukaona anatutisha bure. Siku ya pili saa nane mchana ziwa lililokuwa limetulia tuli likachafuka, mara maji yanaingia mtumbwini, na hayo maji ni baridi ile ya kukata pumzi. Bahati tulikuwa karibu na nchi kavu, tukavuta mtumbwi tukasubiri hadi usiku. Usiku wenyewe jina tu, mwisho wa Juni saa tano na nusu jua bado lipo, na mbu nao hawalali.

Baada ya ziwa ndo utamu sasa. Kipande wanachokiita Thirty Mile, mpaka Hootalinqua unapoingia mto Teslin, maji ya kijani maangavu, unaona kokoto chini zinapita, kasia unapiga ukijisikia. Pembeni misprusi (miti ya jamii ya misonobari), misprusi, halafu kilima kizima cha miti iliyoungua, halafu misprusi tena. Kuna kisiwa kimoja meli ya mvuke ya zamani, Evelyn, imeachwa nchi kavu miti imeota kuizunguka, na meli hizo zilikuwa zinakula kuni za msitu huu huu.

Carmacks, kijiji tulikomalizia safari, tumefika siku ya nane, kama kilometa 320, gari lao la kutuchukua likachelewa masaa matatu. Na depoziti wamekata eti mtumbwi una mkwaruzo! Pipa nilipowaonyesha wakacheka.

Nyota tatu, mbili ni za yule kijana. Ukienda, kila pipa lifunge na kulifungua palepale dukani, mbele yao.