Uzoefu wangu: kiti cha waya cha mtumba kwenye mlima wa theluji

Nianze na yule kijana anayepandisha watu kwenye kiti cha waya, kituo cha chini, maana hata leo nikimkumbuka damu yanichemka. Nilimwuliza swali moja, kwa adabu, na Kiingereza changu si cha kuombea maji. Nikamwonyesha kwa kidole: shoko ya kulia, ile inayobeba kuba la plastiki la kufunika abiria, imevuja, mafuta yameteremka hadi kwenye chuma cha kiti. Hakuangalia shoko. Aliniangalia mimi, kutoka kofia hadi viatu, akasema panda au toka kwenye foleni, watu wanangoja. Kisha akamgeukia mwenzake wakacheka.

Nieleze nilifikaje huko, mimi mtu wa Mtongwe. Mwanangu ni muuguzi New Hampshire, Marekani. Msimu wa baridi uliopita, au ule wa kabla yake, nilikwenda kumtembelea, na akashikilia kwamba babake hawezi kurudi Mombasa bila kupanda mlima wa theluji. Akanipeleka mahali padogo pa watu wa kuteleza, jina nalihifadhi. Mimi sitelezi, goti langu moja lilishakufa. Lakini pale asiyeteleza huuziwa tikiti ya kwenda na kurudi kwa kiti cha waya, akaona milima, akanywa kitu cha moto huko juu, akateremka.

Kwa asiyepata kuona: ni viti vilivyotundikwa kwenye waya mnene unaozunguka kati ya kituo cha chini na cha juu, ukipita kwenye makapi yaliyofungwa juu ya nguzo. Mnakaa wanne, mnateremsha chuma cha kuwazuia msianguke, halafu mnavuta kuba la plastiki ngumu mpaka liwafunike mbele. Upepo unabaki nje. Mtu wa pwani akisikia hivyo, na baridi ile, hahitaji kubembelezwa.

Kwamba kiti cha waya chote, pamoja na nguzo zake, ni mtumba, wenyewe hawafichi. Kilinunuliwa kutoka mlima mkubwa uliotaka kipya, kikafunguliwa nguzo kwa nguzo, kikaletwa kwa malori. Palipobanduka rangi unaiona rangi ya mwenyewe wa kwanza. Mwanangu alikuwa ameninyamazia hilo, akidhani nitakataa. Nikamwambia, mwanangu, wewe umesomeshwa na mitumba. Miaka ishirini na kitu nafungua boneti za magari ya Japani yakishatoka bandarini, gereji yangu iko Changamwe, na gari zuri nililowahi kumiliki lilikuja na risiti za Kijapani kwenye dashibodi. Sheria yetu haitaki liingizwe gari lililozidi miaka 8, na kile kiti kilimzidi mwanangu kwa umri, wala sikushtuka. Nilishtuka pale nilipomwonyesha mtu ugonjwa, akageuza uso.

Na hapo nilipaswa kutoka kwenye foleni. Hilo najilaumu mpaka leo. Mtu wa Mtongwe haambiwi panda akapanda tu. Feri iliyopinduka Mtongwe mwaka 1994 ilituchukulia watu 272 asubuhi moja, na miongoni mwao wamo niliocheza nao mpira. Tangu siku ile sijaingia chombo bila kukikagua kwa macho, kiwe feri, kiwe matatu. Lakini mwanangu alikuwa keshasogea mbele, mkono ameunyoosha, "Baba, njoo," na kiti kinakuja nyuma ya magoti. Nikakaa.

Dakika za mwanzo, siwezi kusema uongo, zilikuwa raha. Kiti kinatambaa kituoni kama mzee atokaye msikitini, kisha kibanio chake kinauma waya na unasukumwa mgongoni, umo hewani. Ndani ya kuba kimya. Misonobari inapita chini ya miguu, imeelemewa na theluji hadi matawi yamelala. Nilimshika mwanangu mkono nikamwambia mamako angeyaona haya.

Waya ukasimama.

Waya ukisimama ghafla viti vinaendelea kubembea. Tulikuwa katikati ya nguzo mbili, kimo cha ghorofa nne hivi, tukipandishwa na kushushwa kama mashua iliyoshusha tanga kwenye mawimbi. Katika bembea hiyo kuba letu likainuka upande mmoja, likakwama. Upande wa kulia. Upande wangu, wa shoko iliyokufa. Halikufunguka, halikufungika, likaacha mwanya wa vidole vinne, na upepo wote wa nchi ile ukapata mlango. Kaskazi yetu unaijua inakotoka na unaweza kuipa mgongo. Huo ulinipiga sikioni na shingoni, mahali pamoja, bila kupumzika.

Nikavuta, mwanangu akavuta. Na kilichonitia uchungu ni kwamba nilijua kila kitu. Shoko za aina ile zina gesi ndani, na gesi ikipoa nguvu inapungua. Mwenye gari la Probox aliyelala nalo kwenye baridi ya Limuru atakwambia mlango wa buti ulivyomwangukia asubuhi. Sasa moja nzima inasukuma, nyingine haina kitu, kuba linapinda, bawaba inakaba. Bisibisi na dakika tano. Sikuwa na bisibisi.

Tulikaa pale dakika arobaini. Mwanangu anasema ishirini na tano, lakini mwanya haukuwa upande wake. Na katika muda wote huo hakuna aliyetuambia neno! Spika zimefungwa kwenye nguzo, naziona, bubu. Kiti cha mbele yetu mtoto alikuwa akilia na babake anamwimbia. Feri ikikwama Likoni, kivukoni kwetu Mombasa, angalau watu wanapigiana kelele na unajua kinachoendelea. Nilikumbuka kwamba hata sisi tuliwahi kuahidiwa magari ya waya ya kuvusha watu Likoni, nikashukuru kwa sauti kwamba hayakuja. Hukumu niliitoa pale pale nikitetemeka: asipande mtu, hata kwa bure, hata kwa kuombwa.

Ulipoanza tena ulikwenda kinyonga. Tulipokaribia juu nikasikia harufu ya dizeli nikaelewa: mota ya umeme imegoma, tunavutwa na injini ya akiba. Na kuba nalo likakataa kuinuka, kwa hiyo wakausimamisha tena waya, sisi tumo ndani kama kuku tengani.

Akatoka fundi. Mzee wa umri wangu, ovaroli nyeusi kwa grisi, hana glavu katika baridi ile. Neno lake la kwanza lilikuwa pole. La pili lilikuwa swali: upande gani ulianza? Nikamwambia shoko ya kulia, na imevuja tangu chini. Akapitisha kidole, akakiangalia, akasema kweli, hiki kiti hakikufaa kutoka leo. Akalifungua kuba kwa mtaimbo na goti, akatushusha, akakitoa kiti kwenye waya akakisukuma kwenye reli ya pembeni, na kadi nyekundu juu yake. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani.

Nisamehewe, lakini kuanzia hapo hasira zangu zilipoteza mwelekeo. Yule mzee alinifungulia chumba cha mota. Alinionyesha vibanio vilivyopangwa mezani: huvisafisha, huvipitishia sumaku, humwagia unga laini wa chuma, na palipo na ufa hata mwembamba kuliko unywele unga hujipanga mstari. Nimekaa na vyuma maisha yangu yote sijaliona jambo hilo kwa macho. Ananijibu kila swali, na asipokuwa na jibu anafungua daftari. Akaniambia kiti cha waya cha kwanza kwa watu wa kuteleza kilifungwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi aliyekibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alilitoa wazo kwenye mitambo ya kulabu ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Ndizi! Baba yangu alikuwa kuli Kilindini, alibeba mgongoni hadi mgongo ukakataa. Nilikaa kwenye ndoo ya grisi nikamweleza mzee yule habari za baba yangu, naye akazima redio asikilize.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kile chombo ni kibovu, nitasema hapana. Kimetunzwa kuliko magari mengi mapya. Kuhusu yule kijana, mzee aliinamisha kichwa: ni wa msimu, ana wiki chache, kafundishwa kuhesabu watu. Basi lawama niliipeleka kwa aliyemweka pale. Nikairudisha tena kwa kijana, kwa sababu kucheka hakuna mtu aliyemfundisha.

Kushuka? Kwa mtu asiyeteleza hakuna njia nyingine, ni waya ule ule. Mwanangu alishaanza kulia, anataka nitafutiwe gari la theluji. Mzee akatuchagulia kiti mwenyewe, akazijaribu shoko zote mbili mbele ya macho yangu, akasema kuba liacheni wazi, mkienda chini mnaitazama nchi. Kumbe kupanda unatazama mlima tu, nguzo na migongo ya watu. Kushuka bonde lote limefunguka mbele yako, jeupe, na milima ya White Mountains imejipanga. Mzee alikuwa amenielekeza Mount Washington ilipo, kule ambako mwaka 1934 upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa, nami nikautazama mlima ule nikauheshimu. Baridi ilikuwa ile ile lakini haikuingia kwa mwanya. Sikutaka tufike. Yale magari ya Likoni sasa nayataka, hata wakiyaleta ya mtumba, mradi fundi wake awe kama huyu.

Basi hukumu yangu: pandeni. Kagua shoko kwanza, zote mbili, na ukiona mafuta ngoja kiti kinachofuata, asikuharakishe mtu. Pesa ya tikiti hawakurudisha, na sikuiomba.

Nilikuwa nimemsamehe yule kijana, wallahi, nikiwa njiani kushuka. Tukafika. Alikuwa palepale, mgongo ameupa viti, anazungumza na yule mwenzake. Mwanangu akanivuta mkono twende, nikamwambia ngoja. Nikasimama pale kwenye theluji mpaka vikapita viti kumi. Hakukitazama hata kimoja.