Saa inayonidhania mpiga makasia

Nimeivaa saa hii janja, ile inayotambua yenyewe unafanya nini, miezi mitatu, kazini na nyumbani, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Kwa kutembea sina la kuilaumu. Nikishika njia, muda si muda imeshaandika "kutembea". Nikikimbia inajua, nikilala inajua. Balaa linaanza nikishika randa.

Mimi ni seremala. Wiki ya kwanza niliivaa kushoto. Nikapasua mbao kwa msumeno asubuhi nzima, shati likalowa chapachapa, jioni nafungua programu nakuta "umekaa". Kumbe mkono wa kushoto kazi yake ni kukandamiza ubao, hautikisiki! Nikaihamishia kulia. Siku hiyo nikapiga randa milango miwili, nayo ikanipongeza kwa kupiga makasia dakika 47. Mimi na mashua wapi na wapi? Misumari niliyogongomea ikaihesabu hatua.

Nikaona nichimbe kidogo. Ndani mna vihisi viwili: kimoja hupima mkono unavyoongeza na kupunguza kasi kwa pande tatu, mvutano wa dunia ukiwemo, kingine hupima unavyozunguka. Namba zao hukatwa vipande vya sekunde chache, kisha programu iliyofundishwa kwa mifano ya watu hutaja jina la kila kipande. Mkusanyo mmoja maarufu wa mifano hiyo, UCI HAR, ulitokana na watu 30 waliofunga kiunoni simu yenye vihisi kama hivyo, ukakatwa vipande vya sekunde 2.56, na una vitendo 6 tu: kutembea, kupanda ngazi, kushuka ngazi, kukaa, kusimama na kujilaza. Saa yangu imefundishwa zaidi ya hivyo, lakini seremala naona hawakumwita. Ikikutana na mkono unaosukuma na kuvuta kwa mdundo mmoja, inachukua jina lililo karibu.

Hilo naisamehe. Nisichosamehe ni kwamba haina neno "sijui". Inakosea kwa kujiamini kabisa, tena na vigelegele juu. Unaweza kuingia ukasahihisha jina mwenyewe. Nimesahihisha mara kumi na kitu, na kesho yake niko mashuani tena.

Nyota tatu kati ya tano. Kama mazoezi yako ni kutembea na kukimbia, ichukue bila wasiwasi. Mimi nikifika kazini naivua, naitundika kwenye msumari mbali na vumbi la msasa, naivaa tena nikifunga kazi.