TAHADHARI: "Watetezi wa mikoko" wanaouza hisa za kaboni Kilifi ni matapeli

Jamani, naandika mikono ikinitetemeka kwa hasira. Kuna kikundi kinazunguka vijiji vya ufuoni huku Kilifi kikijiita cha wanaharakati wa mazingira, na kinauza kitu kinachoitwa hisa ya kaboni, yaani eti fungu lako la pesa wanazolipa watu wa nje kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko. Hakuna hisa. Wamekula pesa zetu, wamekula miche yetu, sasa simu hazipatikani. Sisi ni akina mama wenye kitalu cha miche ya mikoko, na miche hiyo waliichukua kwa mkopo.

Walitushukia wakati wa bamvua, maji yamekupwa, tuko kwenye tope. Kijana mmoja wa tishati ya kijani akatoa futi, akauzungusha mkoko shinani, akaandika kwenye daftari, akaufunga utepe mwekundu. Akasema, "Mama, mti huu peke yake Ulaya wanaulipia dola." Akafungua kompyuta, akatuonyesha picha ya setilaiti: mkono wetu wa bahari umepakwa kijani, na jina la kijiji chetu limeandikwa pale pale. Kisha shilingi 1,500 kila mtu ya usajili, na 20,000 kutoka kwa chama chetu, eti za ukaguzi, mwisho saa kumi jioni hiyo hiyo kwa sababu eti mkaguzi anapanda ndege kesho. Tukatuma tumesimama kwenye matope, simu zikilia moja baada ya nyingine, na yeye anatupongeza kwa majina.

Na kwa nini tusingeamini? Gazi kule Kwale si hadithi. Mradi wa jamii wa huko, Mikoko Pamoja, unauza kaboni tangu 2013, hekta 117 tu za mikoko, na pesa zimeonekana kwenye maji na shule za watu. Hawa walikuja na picha za Gazi wakisema ni kazi yao. Walikuwa na dada anayesema Kigiriama safi, alimwamkia kila mzee, akauliza wagonjwa. Na walitushikisha mabango ya kupinga hoteli inayotumwagia maji machafu, jambo la kweli kabisa, sote tunainusa ile harufu. Mtu anayekupigania hivyo utamwombaje stakabadhi?

Picha za mabango nimekuja kuziona wakichangishia pesa kwa wafadhili wa nje. Mimi niko mbele kabisa, nimeinua mkono, na maelezo yanasema akina mama wa mikoko tayari wamelipwa. Wamelipwa! Watu wa msikitini wameiona, mama mkwe wangu ameiona, kila mtu ananiuliza pesa ziko wapi.

Miche je? Waliichukua kwa mkopo, wakaichomeka kwenye tope tupu la mbele kabisa, mahali pa mlilana, aina ya mkoko inayoota ukingoni mwa bahari. Niliwaambia mkoko wa miche yetu si mlilana, hauhimili mawimbi pale, wakanijibu kamera inataka bahari nyuma. Miche yote imekufa. Mtu anayetetea mikoko hafanyi hivyo, na kikundi kinachopiga picha miche ikiwa mibichi kisirudi kuitazama hakitetei chochote. Wenye harakati za kweli mko wapi? Mnawaona hawa kwenye maandamano yenu na mnanyamaza, nanyi nawauliza.

Wakija kwenu: pesa inaenda kwa nambari ya mtu binafsi. Hawataki Huduma ya Misitu ya serikali ijue, wala chama cha misitu cha jamii, wanasema "hao ndio wanaowauza." Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, hakuna wa kukuuzia hisa yake. Na sheria ya tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inataka mkataba wa maendeleo na jamii, unaosajiliwa. Sisi tulitia sahihi karatasi moja, wakaondoka nayo.

Hawa wakamatwe. Si kurudisha pesa tu, wafungwe, na yule dada wa Kigiriama awe wa kwanza, kwa sababu yeye anatujua shida zetu. Wametumia jina la mikoko, mikoko iliyotulisha kaa na kamba tangu bibi zetu, kuwaibia wajane. Wasipewe dhamana. Wafadhili waliowatumia pesa nao waje huku watazame lile tope.

Aliyetuma pesa asifute ujumbe wa simu. Jumatatu asubuhi tunakutana kwa chifu, tunatoka pale pamoja hadi polisi. Njooni na nambari walizowapa, hata kama hazipatikani tena.