Rimu za gari jingine kwenye Toyota yako: zipi utafute, zipi uziache

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ukasema unataka rimu za nati tano, utaletewa lundo. Muuzaji atahesabu matundu na kukuhakikishia kwamba zinaingia. Usilipe kwa hesabu hiyo. Premio ina nati tano na Mark X ina nati tano, lakini rimu ya moja haikai kwenye nyingine: nati za Premio zimepangwa kwenye duara la milimita 100, za Mark X kwenye 114.3. Kipenyo cha duara hilo ndicho mafundi hukiita PCD.

PCD ikilingana, tazama tundu la kati, maana hapo ndipo wengi wanapotupa pesa. Habu, yaani kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, kwa Toyota ndogo ina milimita 54.1, za PCD 114.3 zina 60.1. Tundu la rimu likiwa kubwa kuliko habu, unaweka pete ya kuziba pengo, na rimu inakaa katikati. Likiwa dogo, rimu haifiki mahali pake. Kwa hiyo rimu inaweza kutoka gari A kwenda B bila shida, lakini ile ya B isikubali kuja A.

1. Subaru kwenda Premio, Allion au Wish

Hili ndilo chaguo langu la kwanza, wala silitilii shaka. Impreza nyingi na Forester hadi ile iliyotoka kabla ya 2018 zina PCD 100 kama hizo Toyota, na tundu lao ni 56.1. Pete ya 56.1 kwa 54.1 inamaliza kazi. (Kinyume chake, rimu ya Premio kwenye Subaru, haiwezekani.)

Chagua za Forester za inchi 16, zenye upana wa inchi 6.5 na ET48. Namba hizo hupigwa mhuri kwenye rimu yenyewe. ET ni umbali kati ya uso unaogusa habu na mstari wa katikati ya rimu. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani zaidi. Ukilinganisha na rimu ya inchi 6 yenye ET45, ukingo wa ndani wa hiyo ya Forester unasogea kuelekea shokapu kwa milimita 9 hivi. Zile za Impreza za inchi 7 na ET55 zinasogea karibu 23, na hapo tairi inaweza kugusa. Kama gari lako lilikuwa na 195/65R15, weka 205/55R16: kimo cha gurudumu kinabaki karibu sawa, na spidi mita haidanganyi.

Nati za Subaru ziache hukohuko. Nafasi kati ya nyuzi zake ni milimita 1.25, za Toyota ni 1.5, ukilazimisha unaharibu bolti. Hata nati bapa zenye washa za rimu za aloi za Toyota hazifai, kwa sababu rimu ya Subaru inataka nati ya koni. Tumia nati za koni za rimu za chuma za Toyota. Nyuzi zifuate gari, uso wa nati ufuate rimu.

2. Honda CR-V kwenda RAV4

CR-V ya 2007 hadi 2011 ina PCD 114.3 na tundu la 64.1, na hutumia tairi 225/65R17, saizi ileile ya RAV4 nyingi za miaka hiyo. Nunua na nati zake hapohapo. Honda hutumia nati zenye uso wa mviringo kama mpira, nyuzi zake ni 1.5, kwa hiyo zinakubali bolti za Toyota. Nimeiweka ya pili kwa sababu hiyohiyo ya nati: zikipotea, fundi ataweka za koni, nazo hugusa rimu kwenye mstari mwembamba tu na hulegea.

3. Nissan X-Trail, Mitsubishi Outlander

Zinakwenda kwa Toyota za 114.3. Tundu la Nissan ni 66.1, la Mitsubishi 67.1, hivyo pengo ni kubwa na pete ni lazima. Bila pete usukani hutetemeka ukikimbia, hata baada ya balansi.

4. Za Ulaya

Mercedes na Golf nyingi za baada ya 2004 zina PCD 112. Tofauti na 114.3 ni milimita 2.3, macho hayaioni, na ndiyo maana watu hulazimisha. Nati hukaa upande, bolti zinapinda, siku moja zinakatika. BMW nyingi zina 120. Usikubali rimu kutobolewa upya.

Wenye pikapu: Ranger na Hilux zote zina nati sita kwenye 139.7, lakini tundu la Ranger ni 93.1 na habu ya Hilux ni 106.1. Za Ranger haziingii kwenye Hilux. Fundi akikuambia atachonga tundu, ondoka.

Kabla ya kulipa, angalia rimu kwa ndani. Yenye alama ya kuchomelewa iache. Kisha ifunge mbele, ambako kalipa ya breki ni kubwa, uzungushe gurudumu kwa mkono na kukata usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Nati izunguke angalau mara nane kwa mkono kabla ya spana. Kaza kwa spana ya kipimo, Nm 103 kwa Toyota ndogo, na ukaze tena baada ya kilomita 100 za mwanzo.